Siku Nne za Nyuzi Themanini

Alasiri ya mwezi ishirini na tisa Ramadhani, mkuu wangu wa kazi aliniambia nijaze daftari la joto la siku nne zijazo kabla hazijafika, nami nikajaza. Hakunilazimisha. Alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, mfuko wa tende umemning'inia kidoleni, ana haraka ya kwenda kufuturu kwake.

"Jaza zote mara moja, mzee, ukale sikukuu yako," alisema. "Maji ya moto hayajui Idi."

Tukacheka. Ningeweza kumwambia sijazi nisichokisoma. Sentensi fupi, na nilikuwa na umri wa kutosha kuisema mbele ya mtu niliyemzidi miaka ishirini. Badala yake nikavuta kiti, nikaandika mistari minane, asubuhi na alasiri kwa siku nne. Themanini, themanini, sabini na tisa, themanini, themanini na moja. Nilizipandisha na kuzishusha kidogo ili zifanane na namba za kweli. Tarehe nikaziacha wazi, maana mwezi ulikuwa haujaandama na hatukujua kama Idi ni kesho au keshokutwa.

Nilikuwa mhudumu wa maabara ndogo upande wa Mbweni. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na sayansi ndiyo niliyoipenda, ila sikuwa na alama za kwenda mbele. Kwa hiyo maisha yangu ya kazi yamepita pembeni ya sayansi ya watu wengine: kuosha chupa, kuchemsha vyombo, kusoma vipimo na kuviandika. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuandika namba ambayo macho yangu hayakuiona. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba nilijua nilichokuwa nakifanya.

Na kazi iliyokuwa kwenye beseni la umeme, lile la kuweka maji kwenye joto moja, siku hizo haikuwa ya mtu baki. Ilikuwa ya mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki, na mama yake mtoto akamaliza eda na kurudi kwao Pemba, binti alibaki kwetu Michenzani ili asome mjini. Alikuwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka skuli na chuo cha Kurani, na mimi ndiye niliyempa kipimajoto chake cha kwanza, kilichopasuka ncha nikakifunga kwa uzi. Akapima joto la kila kitu nyumbani: chai, uji, kwapa la shangazi yake, nyuma ya friji. Aliniita ami, na mpaka leo ananiita ami.

Hata vijidudu vyake, vile alivyovichunguza ndani ya beseni lile, alivipata kwa kunifuata mimi. Mke wangu ni mtu wa Kiwengwa. Tulikwenda huko kuwatazama wakwe, binti akiwa mwanafunzi wa shahada ya pili, akitafuta jambo la kuchunguza. Nyuma ya hoteli moja palikuwa na biwi kubwa. Mwani unaotupwa na bahari walikuwa wakiukusanya ufukweni, wanauchanganya na kinyesi cha ng'ombe na mabaki ya jikoni, wanauacha uoze uwe mbolea. Asubuhi ile biwi lilikuwa likifuka moshi kama sufuria. Mtunza bustani akatuambia tusiingize mkono ndani, tutaungua. Binti akaingiza kipimajoto mpaka kwenye mpini, akangoja, akakitoa. Nyuzi sitini na nane.

"Ami, nani kapasha?" aliniuliza.

Nikamwambia jua. Akatikisa kichwa. Biwi lilikuwa chini ya mti wa mkungu, kivulini tangu asubuhi. Walioupasha ule mwani, alinieleza, ni wale wanaoula. Mle ndani mna viumbe visivyoonekana kwa macho, vinakula na kupumua na kutoa joto, na wale wapenda joto ndio wanaobaki wenzao wanapokufa. Akajaza vichupa sita. Njia nzima ya kurudi mjini alivipakata mapajani.

Alipoviotesha, vilitaka nyuzi sabini. Chini ya hapo vilisinzia. Joto ambalo lingetupika mimi na wewe kwao ndiyo hali ya hewa nzuri. Swali lake likawa hili: vikipandishwa mpaka themanini, zaidi ya vinavyopenda, kwa siku nne mfululizo, vinasaba vyao vitaumia kiasi gani, na vitajitengeneza vipi? Alipanga siku zake mapema. Mwezi wa Ramadhani ukapungua siku, na zile siku nne zikaangukia Idi mosi mpaka Idi nne. Mama yake alikuwa anaumwa Pemba, ilibidi aende. Akaniwekea vichupa kwenye beseni, akaweka themanini, akafunga kifuniko.

"Nakuachia wewe, ami," alisema. "Asubuhi na alasiri. Umeme ukikatika, washa jenereta. Kuna mtu mwingine ningemwachia?"

Nikamwambia nenda salama, msalimie mama yako.

Mwezi ukaandama usiku uleule. Asubuhi tukasali, tukala, tukaenda Kiwengwa kwa wakwe. Idi pili mchana umeme ukakatika kisiwa kizima. Nakumbuka vizuri, kwa sababu feni ilisimama juu ya vichwa vyetu tukiwa kwenye sinia, na shemeji yangu akasema sasa tutakula jasho. Nilijua mahali jenereta ilipo. Nilijua iko kwenye kibanda nyuma ya maabara, na kwamba hakuna mtu wa kuiwasha isipokuwa mimi. Nikajiambia umeme utarudi baada ya saa moja. Baada ya saa moja nikajiambia utarudi jioni. Magari ya kurudi mjini yalikuwepo. Sikupanda.

Ulirudi Idi nne usiku. Kesho yake nikafungua maabara. Beseni lilikuwa limejiwasha lenyewe, linaonyesha themanini, taa ya kijani inawaka kama kwamba halikulala hata dakika. Nikafunua kifuniko. Maji yalikuwa hayajapungua inavyopaswa. Kwa nyuzi themanini, maji ya beseni lile yalishuka upana wa kidole kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa nikiongeza kwa jagi. Siku nne bila mtu wa kuongeza, ilikuwa yawe yameshuka vidole vinne. Yalikuwa yameshuka kimoja na kidogo. Nikarudisha kifuniko, nikachukua kalamu, nikajaza tarehe.

Binti alirudi na sambusa za mama yake, akaanza kuhesabu. Alichukua kidogo kutoka kila kichupa, akakiotesha upya kwa nyuzi sabini, akasubiri kuona wangapi wameokoka. Wameokoka wengi mno. Alipeleka sampuli nje ya kisiwa zikasomwe vinasaba, majibu yakaja baada ya wiki kadhaa, makosa yalikuwa machache kupita alivyothubutu kutarajia. Alinikuta nasuuza chupa. Akanifunga kanga ya shingo yake kichwani kama bi harusi, jambo ambalo hakulifanya tangu ana miaka kumi.

"Vidudu vyako vya Kiwengwa vimenishinda, ami. Kaa nikueleze."

Nikakaa. Nilijifunza siku ile mambo ambayo bado nayafikiria nikiwa barazani peke yangu, na ningependa kuyasema kama alivyoyasema yeye, kwa sababu uzuri wake haukupungua kwa dhambi yangu.

Vinasaba, alisema, ni kama kamba ya makumbi ya nazi: nyuzi mbili zimesokotwa pamoja. Kwenye kila uzi yameandikwa maelezo ya kiumbe kizima kwa herufi nne tu, na kila herufi ya uzi huu ina mwenzake kwenye uzi wa pili. Pasha moto kamba hiyo, nyuzi zinaachana. Zaidi ya hapo, joto na maji huziharibu herufi zenyewe. Nyingine hubanduka zikaacha pengo. Nyingine hugeuka zikasomeka kama herufi isiyo yake. Hata sisi, kwenye joto letu la mwili, tunaharibika hivyo kila siku na kujitengeneza kila siku. Sasa fikiria kiumbe kinachoishi ndani ya sufuria.

Kwanza vinajikinga. Vina protini ndogondogo ambazo uzi hujizungushia, kama mtu anavyokunja kamba kwenye kijiti isitatizike. Vina chumvi na vitu vingine vidogo vinavyoushikilia msokoto. Na wale wanaoishi kwenye chemchemi zinazokaribia kuchemka wana kimeng'enya chao maalumu, ambacho kazi yake ni kuukaza msokoto zaidi ili nyuzi zisifumuke. Hapo nikamkumbuka mama yangu akisokota kamba mlangoni, ncha moja kaibana kwa kidole cha mguu. Alikuwa akiongeza mzunguko mmoja wa mwisho, wa nguvu, kabla ya kufunga. Nilimwambia binti. Akapiga makofi.

"Ndiyo huohuo. Bibi alikuwa anajua."

Lakini kinga haitoshi, akaendelea, na hapo ndipo panaponishangaza mpaka leo. Kiumbe hakingoji kuharibika kabisa. Kinapita juu ya maandishi yake muda wote, kinatafuta. Kikikuta herufi iliyogeuka, kinaikata, kinaitupa, kinausoma uzi wa pili ulio mzima, kinaandika upya. Kuna baadhi ambao chombo chao cha kunakilia huhisi herufi mbovu iliyo mbele, kabla hakijaifikia, kikasimama pale pale kisinakili uongo ukaenda kwa watoto. Na nyuzi zote mbili zikikatika mahali pamoja, kinatafuta nakala nyingine ya maelezo yaleyale ndani ya mwili wake. Wapo wengine, wa chemchemi kali, wakishapigwa na mionzi hukusanyika, hushikana, hupeana vinasaba, mwenye pande zima anamkopesha aliyevunjika.

"Hakibahatishi, ami," alisema. "Kinasoma palipo pazima, ndiyo kinaandika."

Nikasema subhanallah. Nilikuwa nimemaanisha. Kitu ambacho huwezi kukiona, hakina jicho wala moyo, hakikubali kuandika kisichokisoma. Mbele yangu alikaa mtoto niliyemlea, uso umemng'aa, na mimi nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema sentensi fupi. Nikainuka nikaendelea kusuuza chupa.

Akaandika tasnifu yake. Chuo kimoja cha nchi ya baridi, yenye chemchemi za moto chini ya theluji, kikamwahidi nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu kwa sababu ya zile siku nne. Mke wangu akaanza kumnunulia masweta kwenye mitumba ya Darajani.

Ijumaa moja, baada ya sala, tulikuwa tunakula nyumbani, wali wa nazi na samaki changu. Dada yangu alikuwepo. Yeye na mke wangu hawajawahi kukaa sinia moja bila kutaniana, na siku ile utani ulikuwa juu ya friji.

"Wewe wifi usinifundishe kuweka nyama," alisema mke wangu. "Nani aliyeniletea kuku amegeuka rangi, sikukuu?"

"Umeme ule! Umekatika Idi pili adhuhuri mpaka Idi nne, nami niwe jokofu? Kuku yule nilimkaanga mara tatu."

"Mara tatu, na bado paka wa ghorofa ya chini alimkataa."

Nikawacheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Binti alikuwa na tonge mkononi. Akaliteremsha kwenye sahani.

"Idi ipi hiyo, shangazi?"

"Hii iliyopita, mwanangu. Ulipokuwa Pemba kwa mama yako. Kwani huko haukukatika?"

Akasema Pemba ulikuwepo. Hakuniangalia. Alimaliza kula polepole, akaosha mikono, akamsaidia mke wangu kutoa vyombo, akaaga. Nilimsikia akishuka ngazi za jengo letu refu mpaka chini, na mwendo wake haukubadilika.

Jumamosi maabara hufungwa. Nilikwenda hivyo hivyo, nikamkuta ndani. Daftari liko mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Namba zilikuwa kwa wino wa buluu na tarehe kwa wino mweusi. Miezi yote ile hakuna aliyeona.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

"Beseni ulilisoma?"

"Sikulisoma."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nilijaza kabla ya Idi."

"Na uliporudi, maji yalikuwaje?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa, maana ni yeye tu angeweza kuliuliza. Nikamwambia yalikuwa yameshuka kidole kimoja na kidogo.

"Basi ulijua," alisema. "Nilipokuwa nimekaa hapa nakueleza yote yale, ulikuwa unajua."

Nikasema naam. Sikumtaja mkuu wa kazi. Alikuwa ameshatuhama, na kalamu ilikuwa yangu.

Vijidudu vyake havikuwahi kuteswa siku nne. Viliteswa siku moja na nusu, vikapoa, vikapumzika. Kuokoka kwao kulikuwa kwa kawaida tu. Nilimwomba niwaandikie wakubwa wake mimi mwenyewe. Akasema niandike, lakini barua yake itatangulia. Aliiondoa tasnifu kabla haijajadiliwa. Kwenye barua yake, ambayo alinipa niisome, hakuandika neno baya juu yangu. Aliandika kwamba vipimo vya siku nne havikuchukuliwa, na kwamba kuhakikisha ilikuwa kazi yake. Chuo cha nchi ya baridi kilimjibu kwa adabu, na nafasi ikaenda kwa mtu mwingine.

Akaanza upya. Mimi nilikuwa nimeacha kazi, nikaomba wenye maabara waniache niende kabla ya muda wangu. Alilala wiki nzima nyumba ya jirani na maabara, akalisoma beseni yeye mwenyewe kila saa mchana kutwa, akaongeza maji yeye mwenyewe, na jenereta akaijaribu kila asubuhi. Safari hii umeme haukukatika. Vichupa vikakaa nyuzi themanini siku nne kamili.

Alikuja Michenzani kunieleza majibu. Hakuwa na sababu ya kuja, na nadhani alikuja kwa heshima tu, kama anavyokuja Idi. Wengi walikufa, alisema. Ila waliobaki, alipowarudisha kwenye nyuzi sabini, hawakuanza kuzaana mara moja. Walikaa. Kwa muda mrefu wakakaa bila kuongezeka hata mmoja, wanajikarabati, wanakata na kuandika, na walipomaliza ndipo wakaendelea na maisha. Katika majibu yale ya kwanza, ya uongo, hakukuwa na huko kukaa, kwa sababu hapakuwa na la kutengeneza. Kama asingerudia asingeliona jambo hilo, na hilo ndilo lililompa shahada yake. Ni jambo zuri kuliko la mwanzo. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo, ni zuri," akainuka, akavaa viatu.

Sasa anafanya kazi Bara, kwenye maabara kubwa, na nasikia wanafunzi wake wanamwogopa kwa madaftari. Ananipigia simu kila Ijumaa. Ananiuliza presha, ananiuliza kama nimepata dawa. Amenisamehe, aliniambia kwa mdomo wake, na yeye hasemi asichokiamini.

Mwaka jana aliposwa. Mtoto wa kike ambaye baba yake na babu yake wamefariki, na hana kaka, huozeshwa na ami yake. Tumebaki ami wawili, mimi na mdogo wangu, na sheria inaturuhusu sote sawa, ila desturi yetu humpa mkubwa aliyelea. Nilishaosha kanzu. Alikuja mwenyewe kutoka Bara, akakaa chini karibu na kiti changu.

"Ami, nimemwomba ami mdogo aniozeshe," alisema. "Pale mtu anasema neno moja kwa niaba yangu, mimi sipo. Nataka nikae nyumbani bila wasiwasi."

Nikamwambia amefanya sawa. Siku ya nikahi nilikaa safu ya tatu msikitini, nikamsikia mdogo wangu akitamka maneno ambayo yalikuwa yangu, na akayatamka vizuri. Mistari minane niliyoijaza alasiri moja ya Ramadhani ilinigharimu hivyo: mtoto niliyemlea tangu ana miaka saba hakuniamini tena kumsemea asipokuwepo, na alikuwa na haki.